Mwanangu amenenepa kwa maziwa ya bibi yake, lakini amepauka

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 27. Nimezaliwa na kukulia kijijini Mtwara, kwenye mikorosho na mihogo. Kwetu hakukuwa na ng'ombe. Maziwa tuliyajua ya unga, ya kwenye kopo, tena mpaka aje mgeni. Miaka mitatu iliyopita niliolewa na kijana wa Kimasai niliyesoma naye chuo, nikamfuata kwao Monduli. Wamenipokea vizuri, sina la kulalamika. Kinachonisumbua ni maziwa.

Huku maziwa ndiyo chakula, na ndiyo heshima ya mgeni. Siku niliyofika, mama mkwe, ambaye wote tunamwita Yeyo, alinipa kikombe kikubwa cha maziwa yaliyotoka kukamuliwa, bado yana joto la ng'ombe. Niliyanywa yote maana nilijua natazamwa. Hazikupita saa mbili tumbo likajaa gesi na kunguruma mpaka nikaona aibu, na usiku ule sikulala kwa kwenda chooni. Nikasema ni ugeni. Lakini mpaka leo nikinywa kikombe kizima, hata kama yamechemshwa, ni hivyohivyo. Chai ya maziwa hainisumbui, na mtindi kidogo nanywa bila shida. Wifi zangu wanasema najidai, na nahisi Yeyo anaona nadharau chakula chao.

Hilo langu naweza kulivumilia. Sasa ni mtoto. Mwanangu wa kiume ana miezi minane. Likizo ya uzazi ilipoisha nilirudi kazini, nikawa namwacha na bibi yake. Maziwa yangu yakapungua taratibu, siku hizi ananyonya usiku tu. Mchana kutwa anapewa maziwa ya ng'ombe. Hayachemshwi, yanapashwa moto kidogo tu, na kwa makadirio yangu hayapungui lita moja kwa siku. Uji anautema kwa sababu ameshashiba. Kanenepa, kila anayemwona anamsifia, na kwenye kadi ya kliniki uzito wake uko kwenye kijani. Lakini mwezi uliopita nesi alimvuta kope, akamtazama viganja, akaniambia mtoto amepauka na nimpeleke akapimwe damu. Bado sijampeleka. Nilipomweleza Yeyo alisema amelea watoto saba kwa maziwa hayohayo, na kwamba maziwa ukiyachemsha yanakufa.

Juu ya hayo, mdogo wa mume wangu, ambaye ndiye anachunga na kuzalisha ng'ombe, huu ni mwezi wa tatu ana homa inayokuja na kuondoka. Usiku anatoka jasho mpaka shuka inalowa. Mgongo na nyonga vinamuuma kama mzee, na yeye ana miaka 22. Ametibiwa malaria mara tatu na taifodi mara moja.

Juzi mwalimu mwenzangu akanitumia sauti kwenye simu, mtu anasema maziwa ya ng'ombe ni sumu, yanaleta ute na saratani, na kwamba binadamu ndiye kiumbe pekee anayenyonya kwa mama wa mwenzake. Nimechanganyikiwa. Maziwa ya ng'ombe ni mabaya? Nimwachishe mtoto kabisa? Na nitamwambiaje Yeyo bila kumvunjia heshima?

Mama wa Mmoja, Monduli

—

Marahaba, mwanangu.

Naanza na mtoto, maana yeye hawezi kusubiri. Kesho ukitoka kazini, au keshokutwa asubuhi, mpeleke kituo cha afya akapimwe wingi wa damu. Nesi yule alikuona akakuambia jambo la kweli, na mwezi mzima umepita.

Nilikuwa muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto kwa miaka mingi kabla ya kuanza kuandika hapa, na mtoto kama wako nimempakata mara nyingi. Mashavu yamejaa, mapaja yana mikunjo, kadi ni kijani tupu, na mama amekuja anatabasamu. Unamvuta kope ya chini. Ile nyama ya ndani, inayotakiwa kuwa nyekundu kama pilipili iliyoiva, unaikuta imepauka kama nyama iliyoloweshwa majini usiku kucha. Unamfungua kiganja, unakilaza juu ya kiganja chako: chako kina wekundu, chake hakina. Ukimuuliza mama mtoto anakula nini, jibu ni lilelile, "anapenda sana maziwa." Mizani imepima uzito wake na haijadanganya, ila damu haipimwi kwa mizani.

Kinachotokea ni hiki. Mtoto huzaliwa na akiba ya madini ya chuma aliyoichukua tumboni kwa mama. Akiba hiyo humfikisha karibu miezi sita, kisha inaisha. Kuanzia hapo chuma lazima kitoke kwenye chakula, na mtoto wa umri wa mwanao anahitaji miligramu 11 hivi kwa siku. Lita nzima ya maziwa ya ng'ombe ina karibu nusu miligramu. Maziwa ya mama nayo yana chuma kidogo, lakini utumbo wa mtoto hukichukua vizuri sana. Ya ng'ombe yana kalisi (kalsiamu) na protini nyingi, na hivyo viwili huzuia hata kile chuma kidogo kilichomo kwenye uji au mboga kisiingie mwilini. Tena kwa baadhi ya watoto wachanga maziwa ya ng'ombe, hasa mabichi, huchubua utumbo ukawa unavuja damu kidogokidogo. Damu hiyo huioni kwenye nepi, lakini kila siku inatoka. Na mwisho ni hilo ulilolisema mwenyewe: ameshashiba, uji anautema. Tumbo lake ni dogo, na lita moja ya maziwa imelijaza lote. Chakula chenye chuma kitaingilia wapi?

Nakusihi usiuchukulie huu kuwa upungufu mdogo utakaojirekebisha. Miezi hii ndiyo ubongo wake unajengeka, na chuma ni moja ya vifaa vya ujenzi huo. Mtoto aliyekaa na upungufu wa damu kwa muda mrefu huchelewa kujifunza, huchoka upesi, huugua mara kwa mara, na hamu ya kula inazidi kupotea, kwa hiyo anaomba maziwa zaidi.

Wakikuta damu imepungua watakupa dawa ya maji ya chuma. Mpe kwa kipimo walichoandika, usiongeze hata tone. Usimpe pamoja na maziwa, na chupa iwekwe juu mtoto asipoifikia, kwa sababu chuma kikizidi ni sumu kwa mtoto. Choo chake kitakuwa cheusi, usishtuke.

Je, umwachishe maziwa kabisa? Hapana. Madaktari wengi wa watoto husema maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji kikuu cha mtoto kabla hajatimiza mwaka mmoja. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linasema mtoto wa miezi 6 hadi 11 anayepewa maziwa mbali na ya mama anaweza kupewa ya kopo ya watoto wachanga au ya mnyama. Hiyo haina maana ya lita nzima, na haina maana ya mabichi. Kwa mtoto ambaye hanyonyi kabisa, makadirio ni mililita 200 hadi 400 kwa siku kama anakula nyama, samaki au mayai kila siku. Wako bado ananyonya usiku, kwa hiyo nusu ya hayo anayokunywa sasa bado ni mengi. Yachemshwe, ayanywe kwa kikombe, na yaje baada ya chakula. Akianza na maziwa uji hauingii. Mpe pia maji safi ya kunywa yaliyochemshwa, hasa siku za jua, maana maziwa ya ng'ombe yana protini mara tatu ya maziwa yako na figo zake ndogo zinahitaji maji ya kuondoa mabaki yake. Akiharisha, hilo la maji linakuwa la haraka zaidi.

Na chakula chenyewe mnacho nyumbani. Mko kwenye nyumba ya wafugaji, nyama haiko mbali. Nyama iliyoiva ikatwekatwe, ipondwe au isagwe kabisa, ichanganywe kwenye uji mzito au viazi. Ini mara moja au mbili kwa wiki linatosha. Wengi wetu humpa mtoto supu, nyama wakala wakubwa. Supu ina chumvi na harufu nzuri, chuma kimebaki kwenye nyama. Msage dagaa wakavu wawe unga, kijiko kimoja kwenye kila bakuli. Maharage yapikwe yaive sana, yatolewe maganda, yapondwe, na ayale pamoja na kipande cha chungwa, embe au pera, maana vitamini C hukisaidia chuma cha mimea kuingia mwilini. Chai usimpe, hata ya maziwa, hata vijiko viwili.

Maziwa yako nayo hayajakauka, yamepungua kwa sababu hayanyonywi. Mnyonyeshe alfajiri kabla hujatoka, urudipo tu, na usiku kila anapotaka. Shuleni kamua kwenye chombo safi chenye kifuniko, yanakaa saa nne bila friji mahali pasipo na joto kali. Na kuna haki ambayo walimu wengi hawaidai: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kutoka kwenda kumnyonyesha mtoto wake hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Zungumza na mwalimu mkuu wako. Kama shule iko karibu na boma, kunyonya mara moja mchana kutarudisha maziwa mengi kuliko unavyodhani.

Sasa shemeji yako. Mwanangu, nilipofika kwenye aya hiyo ya barua yako nilisimama. Kijana anayezalisha ng'ombe, anakunywa maziwa mabichi, homa ya kuja na kuondoka miezi mitatu, jasho la usiku, mgongo na nyonga. Siwezi kumpima kwa barua, lakini ningekuwa zamu siku aliyokuja, neno la kwanza ambalo ningemwambia daktari ni bruselosi.

Ni ugonjwa wa bakteria unaomfanya ng'ombe atupe mimba, na kwa binadamu hupita kwenye maziwa yasiyochemshwa na kwenye maji ya uzazi na kondo la nyuma la mnyama. Bakteria huyo aligunduliwa mwaka 1887 kisiwani Malta na daktari wa jeshi la Waingereza, David Bruce, kwa askari waliokuwa wakiugua homa isiyoeleweka. Ilichukua mpaka mwaka 1905 ndipo Themistocles Zammit, daktari wa hapohapo Malta, akagundua kuwa chanzo ni mbuzi ambao maziwa yao kisiwa kizima kilikuwa kikinywa. Mbuzi wenyewe walionekana wazima kabisa. Hilo ndilo linalotupoteza mpaka leo: mnyama anaonekana mzima, maziwa ni meupe, yana harufu nzuri, hayana dalili yoyote.

Na huku kwetu homa ikija, mdomo wa kila mtu unasema malaria. Jirani yenu tu hapo Moshi, kati ya mwaka 2007 na 2008, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa kwenye hospitali mbili. Wagonjwa 528 waliandikiwa malaria. Walipopimwa vizuri, waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14. Waliobaki homa zao zilitoka kwingine, na bruselosi ilikuwa mojawapo, pamoja na magonjwa mengine ya kutoka kwa wanyama. Kwa hiyo shemeji yako kutibiwa malaria mara tatu bila kupona si jambo la ajabu, na si kosa lake.

Aende hospitali ya wilaya, si duka la dawa. Na asiseme tu "nina homa." Aseme: nachunga ng'ombe, nawazalisha kwa mikono mitupu, nakunywa maziwa mabichi, homa ina miezi mitatu, nataka nipimwe bruselosi na kifua kikuu. Kifua kikuu nakitaja kwa sababu jasho la usiku ni dalili yake pia, na kuna aina yake inayowapata ng'ombe ambayo nayo hupita kwenye maziwa mabichi. Ikiwa ni bruselosi, dawa ni za zaidi ya aina moja na huliwa kwa wiki sita hivi. Wengi huacha wiki ya pili wakishapata nafuu, kisha homa inarudi na kuingia kwenye mifupa ya mgongo. Na ashike hili: dawa za kundi la tetrasaiklini, ambazo hutumika mara nyingi kwa ugonjwa huu, zisimezwe kwa maziwa. Kalisi ya maziwa huzishika tumboni zisifanye kazi. Azimeze kwa maji, maziwa yasubiri saa mbili.

Kama kuna mjamzito hapo bomani, mabichi asiyaguse kabisa. Bruselosi huharibu mimba za wanawake pia.

Nikirudi kwenye kauli ya Yeyo kuwa maziwa yakichemka yanakufa: kuna kitu kinakufa, ni kweli, nacho ni hao bakteria. Baadhi ya vitamini hupungua, kama vile vitamini C, ambayo hata hivyo hakuna anayeitegemea kutoka kwenye maziwa. Protini inabaki, kalisi inabaki, mafuta yanabaki. Ladha inabadilika, na kwa mtu aliyeyanywa mabichi miaka sitini hilo si jambo dogo, nalielewa. Viwandani hawayachemshi hata kufika kutokota, huyapasha hadi nyuzi 72 kwa sekunde 15 tu, au nyuzi 63 kwa nusu saa. Nyumbani hatuna kipimajoto cha kazi hiyo, kwa hiyo tunachemsha.

Kupasha moto kidogo, kama mnavyofanya, hakusaidii. Yachuje kwa kitambaa safi, weka kwenye sufuria isiyojaa, koroga kwa mwiko ukifika chini yasishike. Utaona kwanza mvuke, kisha vipovu pembeni, kisha utando wa juu unaanza kuinuka. Hapo wengi huipua. Usiipue. Punguza moto, vunja utando kwa mwiko, yaache yatokote kweli kwa dakika moja au mbili huku unakoroga. Funika, yapoe kwenye sufuria hiyohiyo. Usiyarudishe kwenye kibuyu au dumu lililokuwa na mabichi, utakuwa umefanya kazi bure.

Na mtindi? Watu wengi wanaamini uchachu unaua kila kitu. Uchachu hupunguza, haumalizi. Chemsha kwanza, yapoe mpaka uweze kuweka kidole bila kuungua, tia vijiko viwili vya mtindi mzuri, koroga, funika, lala. Asubuhi umeganda.

Ng'ombe wenyewe msiwasahau. Muulizeni afisa mifugo wa kata kuhusu kuwapima, na mwambieni kama kuna aliyetupa mimba karibuni. Kondo la nyuma lishikwe kwa glavu, au hata mifuko ya plastiki mikononi kama glavu hakuna, lifukiwe chini sana mbwa wasilifukue. Na ng'ombe akichomwa sindano, kwa mfano ya ugonjwa wa kiwele, kuna siku zinazoandikwa kwenye chupa ambazo maziwa yake hayanywewi wala kuuzwa. Mabaki ya dawa hayaondoki kwa kuchemsha, na sumukuvu inayotokana na pumba au mabua yenye ukungu vilevile haiondoki. Mabua yakiota ukungu msiwape ng'ombe.

Sasa wewe. Hujidai, na wifi zako wasomewe aya hii. Kwenye maziwa kuna sukari inayoitwa laktosi, na utumbo huhitaji kimeng'enya maalumu kuivunja. Karibu kila mtoto huzaliwa nacho. Baada ya kuacha kunyonya, kwa watu wengi duniani, kama theluthi mbili hivi, kimeng'enya hicho hupungua sana. Sukari ikifika kwenye utumbo mpana bila kuvunjwa, bakteria wa huko huichachua. Hiyo ndiyo gesi yako na mngurumo wako na safari zako za chooni. Wachache ndio hubaki nacho maisha yao yote, na wengi wao ni watu ambao mababu zao walifuga.

Hili lilichunguzwa hapahapa kwetu. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff wa Marekani, akishirikiana na wenzake, wakiwemo wataalamu wa Tanzania, alitoa matokeo ya kuwapima watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan. Waliwapa maji yaliyokorogwa laktosi, kisha wakawatoboa kidole kila baada ya muda kuona kama sukari ya damu inapanda. Waligundua kuwa wafugaji wa Afrika Mashariki wana badiliko lao la kurithi linalowawezesha kunywa maziwa ukubwani, tofauti na lile la Wazungu, na lilianza kuenea katika miaka elfu saba iliyopita, kadiri ufugaji ulivyoenea. Yeyo amerithi tumbo la wafugaji, wewe umerithi tumbo la wakulima wa mihogo. Anaposema maziwa hayajawahi kumdhuru anasema kweli. Unaposema yanakutesa unasema kweli.

Kwa hiyo kunywa kiasi ambacho mwili wako unakikubali. Watu wengi wa aina yako huvumilia kikombe kimoja kidogo wakikinywa taratibu pamoja na chakula, na mtindi hauwasumbui sana kama maziwa, kwa kuwa bakteria wameshaila sehemu ya laktosi. Wewe umeshaligundua hilo mwenyewe kwa chai na mtindi. Kalisi nyingine utaipata kwa dagaa wanaoliwa na mifupa yao, sukuma wiki na ufuta. Ukiona damu kwenye choo, au unapungua uzito, hiyo si laktosi tena, nenda hospitali. Na usichanganye hili na mzio wa maziwa. Mzio ni mwili kupigana na protini ya maziwa, huwapata zaidi watoto wadogo: vipele vya kuwasha, midomo kuvimba, kutapika, damu kwenye choo. Mwanao akionyesha hata kimoja baada ya kunywa, mkimbize hospitali.

Ile sauti ya kwenye simu ifute. Maziwa hayaongezi ute kifuani. Ule uzito unaousikia kooni ni maziwa yenyewe yaliyochanganyika na mate. Kuhusu saratani, ushahidi mzuri uliopo unaonyesha wanaokunywa maziwa wana hatari ndogo kidogo ya saratani ya utumbo mpana. Kwa saratani ya tezi dume kuna dalili, zisizo na nguvu, kwamba kunywa maziwa mengi sana kunaweza kuongeza hatari kidogo. Hapo hakuna sumu.

Limebaki la Yeyo, na najua ndilo lililokufanya ukae mwezi mzima na maneno ya nesi moyoni.

Usiende wewe peke yako. Hili ni la mume wako kulisema kwanza, kwa mama yake, kwa lugha yao, na aanze na mdogo wake anayeumwa, maana hilo Yeyo analiona kila usiku kwa macho yake. Kisha mwombe Yeyo akusindikize kumpeleka mtoto kliniki. Bibi aliyekaa kwenye benchi akasikia namba ya damu kutoka kwa daktari haihitaji kubishana na mkwe wake.

Na watoto wake saba usiwapuuze. Muulize kwa heshima, ukiwa umekaa naye jikoni: Yeyo, walinyonya mpaka lini? Walianza kula nyama wakiwa na umri gani? Nina hakika karibu kamili atakuambia walinyonya miaka miwili au zaidi, naye alikuwa nao mgongoni kutwa, hakuwa na kengele ya shule inayomwita. Na Wamasai wa zamani maziwa hayakuwa peke yake. Yalichanganywa na damu ya ng'ombe, na damu imejaa chuma. Sikuambii mmpe mtoto damu mbichi. Nakuambia kwamba maziwa hayohayo anayoyasema yalikuwa na wenzake, na mjukuu wake anapewa maziwa peke yake. Ukimweleza hivyo humwambii kwamba alikosea.

Kazi ya kuchemsha iwe yake kama ataikubali. Sufuria nunua wewe, kubwa, yenye mfuniko, mpelekee kama zawadi.

Niandikie ukishapata majibu ya damu ya mtoto, uniambie na namba waliyoandika. Na ya shemeji.

Shangazi